Sketi, Kikoi na Lubega

Mfasiri apatapo hadithi ya mwanamume aendaye kazini amevaa sketi waziwazi, hushawishika kuandika "kikoi". Hapo ndipo akoseapo. Kwa umbo, kikoi, msuli na sketi ni jamaa moja: nguo izungukayo kiuno na kuteremka bila kugawanyika miguuni. Wavuvi wa pwani hufanya kazi na vikoi vyao, na hapana ashangaaye. Lakini "sketi", neno lililotoka katika Kiingereza, limeingia katika Kiswahili likiwa vazi la kike. Tuseme karani wa Mgori, Singida, aingia ofisini na sketi: msomaji atashtuka. Akivishwa kikoi, atadhaniwa tu kuwa ametoka pwani, na kisa kimekufa.

"Shuka" nalo halifai, ingawa lina aibu yake. Mnamo 1967 na 1968 serikali ya Tanzania iliwataka Wamasai waache lubega wavae suruali. Na kuanzia Januari 1969 Operesheni Vijana, iliyoongozwa na Umoja wa Vijana wa TANU, ilipiga marufuku sketi fupi za wanawake. Mwenye lubega aliitwa mshamba, hakuitwa mwanamke. Mfasiri achanganyaye aibu hizi mbili humnyang'anya mhusika ujasiri wake, ambao ndio hadithi yenyewe.

Basi aandike "sketi", bila maelezo pembeni. Na kama asili yasema ina marinda, marinda nayo yasiachwe.