Mguu Mmoja wa Kapasita

Ampu nyingi za valvu ziliundwa zipigwe kwa nguvu jukwaani. Ukiileta moja mtaani Umoja au Buruburu, Nairobi, ambako jirani yuko nyuma ya ukuta, volyumu haipiti mbili, na hapo ndipo trebo inapochoma masikio kama sindano. Wengi hulaumu spika, au hukimbilia kununua valvu mpya. Fundi mzuri wa Kariobangi Light Industries huanza kwingine.

Husikiliza kwanza. “Piga, kijana. Chini. Haya, sasa panda.” Gitaa liwe lile lile la mwenyewe, na kebo yake pia, maana kebo ndefu hula trebo. Fundi husogea kando ya spika, kisha hurudi mbele yake, kwa sababu spika ya inchi 12 huirusha trebo moja kwa moja. Pengine ampu inahitaji kuinamishwa tu.

Ikibidi kufungua, huchomoa plagi na bado haigusi. Kapasita kubwa za pawa zaweza kubaki na zaidi ya volti 400 hata stima ikikatwa. Huzimaliza chaji kupitia rezista, kisha huhakikisha kwa mita. Nawaheshimu sana mafundi wasioruka hatua hiyo.

Mara nyingi mkosaji ni kapasita moja ndogo iliyolehemewa kwenye kidhibiti cha volyumu, inayozipitisha sauti za juu pembeni. Volyumu ikiwa chini, kapasita hiyo inatawala. Volyumu ikifunguliwa yote, kapasita haina kazi tena. Ndiyo maana ampu hiyo hiyo ni tamu ukumbini na chungu nyumbani. Katika Fender Deluxe Reverb ni ya pikofaradi 47 tu. Marshall Super Lead nyingi za miaka ya 1970 zina ya 5,000.

Hapa ndipo ninapomvulia fundi kofia: haing'oi. Hulegeza risasi ya mguu mmoja, akaukunja pembeni na kuuvisha kipande cha mpira, kisha gitaa linapigwa tena. Sauti ikififia mno, hutafuta thamani ya katikati. Akikosa ya 60 kwenye maduka ya Luthuli, huunga mbili za 120 moja baada ya nyingine, akaipata.

Uvumilivu huo una sababu. Gitaa la benga linaishi juu. Sikiliza Shirati Jazz ya D. O. Misiani, solo ikipanda na besi ikiifukuza. Kuiua trebo yote ni rahisi, ila mpigaji atarudi kesho akilalamika kwamba vidole vyake havisikiki. Fundi huondoa kile kinachoumiza tu, kidogo kidogo, huku akimtazama mpigaji usoni.

Akimaliza, huandika thamani mpya kwa kalamu ndani ya chasisi, na kapasita ya zamani huiacha pale pale, ili siku ampu ikiuzwa kwa bendi ya ukumbini, fundi mwingine airudishe kwa tone moja la risasi.