Mpangaji Mezani

Mkahawa ule wa Masaki, Dar es Salaam, hujinadi kwa mapishi ya Kijapani yaliyochanganywa na ya kwetu. Wahudumu wana adabu, vyombo vinapendeza. Lakini samoni alikuja kwa ndege. Cha kwetu kilikuwa ile bei ya shilingi. Nobuyuki Matsuhisa, alipopika Lima miaka ya 1970, aliingiza pilipili za Peru katika samaki wa Kijapani. Huo ndio mchanganyiko. Mpanda tuna mchele, na migebuka kutoka Karema. Samaki wa ziwani kumla mbichi ni hatari kwa sababu ya minyoo, kweli. Lakini mgebuka wa kubanikwa angeketi juu ya wali ule bila haya. Mgeni asiyeonja chungu cha mwenyeji hajachanganyika naye. Amepanga chumba tu.