Mashabiki kama Wahakiki: Safu ya Ushambuliaji Kabla ya Mechi ya Mazembe na Lupopo

1. Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili neno uhakiki limezoeleka kuambatana na riwaya, tamthilia na ushairi. Mwanafunzi anayeingia Chuo Kikuu hufundishwa kutenganisha fani na maudhui, kutoa ushahidi wa kila dai, na kupima kama mtunzi amefaulu au ameshindwa. Hufundishwa mambo hayo kana kwamba ni mageni kwake. Ilhali mwanafunzi huyo, akiwa amekulia Kamalondo, Katuba, Ruashi au katika komini ya Kenya, amesikia uhakiki tangu utotoni. Haukuwa uhakiki wa vitabu bali wa mpira wa miguu, na ulipamba moto zaidi katika siku zinazotangulia mechi ya watani wa Lubumbashi: TP Mazembe na FC Saint-Éloi Lupopo.

Makala haya yanachunguza sehemu moja tu ya mazungumzo hayo, yaani jinsi mashabiki wanavyoipima safu ya ushambuliaji ya timu yao wenyewe. Mpaka huo umewekwa kwa makusudi. Shabiki akikutana na mtani wake, husifu na kukejeli. Huo ni utani, na una kanuni zake. Lakini akikaa na wenzake wa rangi moja, mtani akiwa hayupo, lugha hubadilika. Sifa hupungua, maswali huongezeka, na kila mmoja hutakiwa kueleza kwa nini anaamini kwamba magoli yatapatikana. Hoja ya makala haya ni kwamba mazungumzo hayo ya ndani ni uhakiki kamili, na kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kina zana zake za kuufanya.

2. Timu mbili na kumbukumbu zake

Timu zote mbili zilianzishwa mwaka 1939, mji ulipokuwa ukiitwa Élisabethville. Ile ambayo leo ni Mazembe ilitokana na watawa Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface. Baadaye ilichukua jina la Englebert, kampuni ya matairi, ikaongezewa sifa ya «Tout Puissant», na katika enzi ya kurudia uhalisi ikaitwa Mazembe. Lupopo ilitokana na wafanyakazi wa reli. Mtakatifu Éloi ni msimamizi wa wafua vyuma, na hadi leo wachezaji na mashabiki wa timu hiyo huitwa «cheminots», watu wa reli. Mazembe huvaa nyeusi na nyeupe na huitwa kunguru. Lupopo huvaa manjano na buluu.

Historia hiyo si pambo tu. Mhakiki wa fasihi hulinganisha kazi mpya na kazi zilizokwisha kukubaliwa kuwa kubwa. Shabiki naye hufanya vivyo hivyo. Kwa wa Mazembe, kipimo cha kwanza ni kizazi cha Englebert kilichotwaa Kombe la Klabu Bingwa za Afrika mwaka 1967 na 1968. Katika fainali ya 1968 dhidi ya Étoile Filante ya Lomé, timu ilishinda 5 kwa 0 nyumbani kisha ikafungwa 4 kwa 1 ugenini. Kombe liliokolewa na magoli matano ya mechi ya kwanza. Kipimo cha pili ni kizazi cha 2009 na 2010, kilichotwaa ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo na kuifunga Internacional ya Brazili 2 kwa 0 huko Abu Dhabi, kabla ya kushindwa 3 kwa 0 na Inter ya Milano katika fainali ya dunia. Wa Lupopo hutaja ubingwa wa nchi wa 1990 na wa 2002. Kila mshambuliaji wa leo hupimwa mbele ya mashahidi hao, wawe hai au wamekufa.

3. Fani

Mazungumzo haya hayana mpangilio ulioandikwa, lakini msikilizaji makini hutambua hatua tatu. Kwanza hutolewa ushahidi: mechi fulani, dakika fulani, nafasi iliyopotea. Pili hutafutwa chanzo: je, kosa ni la aliyepiga, la aliyempa pasi, au la kocha aliyempanga mahali pasipo pake? Tatu hutolewa hukumu, nayo hupingwa mara moja. Kijana anaweza kumpinga aliyemzidi umri, lakini humwita «yaya» au «papa» kwanza, ndipo aseme kwamba amekosea. Heshima hiyo haipunguzi ukali wa hoja. Huiruhusu hoja isemwe bila ugomvi.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi na wanaisimu ni kazi ya sarufi katika hukumu hizo. Mfano wa kwanza ni kiambishi tamati -aka, ambacho katika Kiswahili cha Lubumbashi huonyesha mazoea. Kusema kwamba mshambuliaji «alikosa» ni kutaja tukio la siku moja. Kusema kwamba «anakosaka» ni kutoa hukumu juu ya tabia yake ya uchezaji. Msemaji akitumia umbo la pili, wenzake humdai ushahidi zaidi: alikosa lini, na mara ngapi? Mwenye mifano miwili tu hulazimika kurudi kwenye «alikosa». Kiswahili sanifu hutumia hu- kwa kazi hiyo, na hupoteza kiambishi cha nafsi. Hapa nafsi hubaki, na mwenye tabia hajifichi.

Mfano wa pili ni neno «njo», ambalo asili yake ni ndiyo. Likiwekwa baada ya jina, huchagua mmoja kati ya wengi na kumpa dhamana: «yeye njo anachelewesha mupila». Sentensi hiyo haisemi tu kwamba fulani anachelewesha mpira. Inasema kwamba lawama ni yake, wala si ya wengine waliotajwa kabla. Mara nyingi ubishi wote huzunguka juu ya nani atakayewekewa «njo».

Mfano wa tatu ni Kifaransa. Majina ya nafasi uwanjani na vitenzi kama «kumarquer» huingia katika sentensi ya Kiswahili bila kubisha hodi. Wapo wanaouona mchanganyiko huo kuwa dalili ya uvivu. Lakini yafaa itazamwe ni kipi kinachokopwa. Kinachotoka Kifaransa kwa kawaida ni istilahi ya mchezo. Kinachobeba hoja, yaani mazoea, msisitizo, masharti na ukanushi, hubaki cha Kiswahili. Vitu vimeagizwa kutoka nje. Mizani ya kuvipimia ni ya nyumbani.

4. Maudhui

Swali kuu linaloulizwa kabla ya mechi ni moja: nani atafunga? Swali hilo huonekana jepesi, lakini wahakiki hodari wa mitaani hulipasua katika maswali mengine matatu. Je, timu inapata nafasi? Je, nafasi zinatokea mahali panapofaa? Je, anayezipata anajua kumalizia? Timu isiyopata nafasi ina tatizo katika kiungo au pembeni, na kumlaumu mshambuliaji wa kati ni kumwonea. Timu inayopata nafasi nyingi bila kufunga ina tatizo la umaliziaji, na kumbadilisha kiungo hakutasaidia. Tofauti hiyo kati ya kutengeneza na kumalizia ndiyo msingi wa uchambuzi wa soka popote duniani.

Juu ya msingi huo hujengwa pande mbili za ubishi. Upande wa kwanza, ambao wazee wengi huupenda, hudai mshambuliaji mmoja mkubwa. Mechi ya watani, wasema, ni mechi ya woga. Mabeki hawapandi, viungo hupoteza mpira mapema, na nafasi ni chache. Kwa hiyo anahitajika mtu anayeweza kufunga kwa nafasi moja. Upande wa pili hujibu kwamba mtu huyo, akiachwa peke yake kati ya mabeki wawili, hugeuka mtazamaji mwenye jezi. Hutaka mawinga wanaofika mwisho wa uwanja, krosi zinazopigwa mapema, na kiungo anayeingia ndani ya boksi ili beki asijue amfuate nani.

Hoja zote mbili zina nguvu, na historia ya karibuni haimpi ushindi mmoja wao. Mtanzania Mbwana Samatta, aliyetoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011, hutajwa na pande zote mbili. Katika fainali ya Afrika ya 2015 dhidi ya USM Alger, Mazembe ilishinda 2 kwa 1 ugenini na 2 kwa 0 nyumbani, na Samatta alifunga penalti katika kila mechi. Wa upande wa kwanza husema: huyo ndiye mtu mmoja tuliyemtaka. Wa upande wa pili hujibu: penalti haizaliwi na mpigaji peke yake, kuna aliyeupeleka mpira ndani ya boksi, na katika mechi hizo walifunga pia Rainford Kalaba na Roger Assalé.

Mfano wa Samatta na wa mwenzake Thomas Ulimwengu una maana nyingine kwa idara ya Kiswahili. Washambuliaji hao walihakikiwa na mji mzima katika lugha waliyoielewa. Lafudhi ilitofautiana, na huenda -aka na «njo» viliwashangaza mwanzoni. Lakini mhakiki na mhakikiwa walikuwa ndani ya lugha moja. Ni nadra kwa mwandishi wa Kiswahili kupata wasomaji wengi kiasi hicho, wakali kiasi hicho, na wanaotaka afaulu.

5. Kasoro

Haifai kuusifu uhakiki huu bila kuuhakiki wenyewe. Kasoro yake ya kwanza ni mzigo wa kumbukumbu. Jina la zamani likitajwa mno, mchezaji wa leo hawezi kushinda: akifunga, huambiwa kwamba wa zamani angefunga mawili. Hapo kipimo kimekwisha kuwa fimbo.

Kasoro ya pili ni maelezo yasiyoweza kupimwa. Mara kwa mara ubishi mzuri juu ya krosi na nafasi hukatwa na mtu anayesema kwamba lango limefungwa kwa dawa. Neno hilo haliwezi kuthibitishwa wala kukanushwa na mechi yoyote. Akishinda, dawa yake ilikuwa kali. Akishindwa, ya wenzake ilikuwa kali zaidi. Baada yake hakuna swali linaloweza kuulizwa, na uhakiki hufa palepale. Jambo kama hilo hutokea pia hoja inapohamia kwenye bei ya mchezaji na jina la aliyemleta, badala ya kile anachokifanya uwanjani.

Kasoro ya tatu ndiyo ya hatari. Hukumu juu ya uchezaji ikigeuka hukumu juu ya mtu, kabila lake au mama yake, hatua inayofuata hujulikana. Lubumbashi imewahi kuona mechi ya watani ikimalizika kwa mawe na majeruhi. Si kweli kwamba ukali wa maneno ndio unaoleta mawe. Wabishi wakali kabisa, wanaodaiana ushahidi, huondoka pamoja wakiwa wamechoka koo tu. Mawe hukaribia pale ushahidi unapoacha kudaiwa na tusi kupokelewa kama jibu.

6. Hitimisho

Imedhihirika kwamba mazungumzo ya mashabiki yana ushahidi, vipimo, ubishi wenye adabu na sarufi inayotofautisha tukio na tabia. Yana pia jambo moja ambalo uhakiki wa darasani hauna: tarehe ya mtihani. Aliyesema Ijumaa kwamba mawinga wa timu yake hawafiki mwisho wa uwanja, Jumapili jioni hukutana na wale wale waliomsikia, na hutakiwa kujibu.

Hata hivyo, mhakiki huyo huyo akiingia darasani Jumatatu, mara nyingi hunyamaza. Akiulizwa kwa nini mhusika fulani wa tamthilia hakufaulu, hutafuta maneno, huomba radhi kwa Kiswahili chake, kisha hukariri maoni ya kitabu. Si kwamba hajui kuhukumu. Ameambiwa kwamba lugha aliyojifunzia kuhukumu ni mbovu, naye ameiacha mlangoni pamoja na akili iliyokuwa ndani yake. Hasara hiyo si ya kandanda. Ni ya Chuo Kikuu.

Kiswahili sanifu kina nafasi yake, na hakuna anayepaswa kukiacha: ndicho kinachomwezesha mtu wa Lubumbashi kusomwa Dodoma na Mombasa. Lakini njia ya kukifikia inaweza kuanzia mahali mwanafunzi aliposimama. Kazi moja ya vitendo ingetosha kwa mwanzo: kabla ya mechi ya watani, kila mwanafunzi arekodi ubishi mmoja juu ya safu ya ushambuliaji, auandike kama ulivyosemwa, aonyeshe madai na ushahidi wake, aeleze kazi ya -aka na «njo», kisha auandike upya kwa Kiswahili sanifu bila kupoteza hukumu hata moja. Baada ya mechi arudi kwa wasemaji na kuwauliza nani alikuwa na haki. Mwanafunzi atakayeimaliza kazi hiyo atakuwa amekwisha kufanya uhakiki mara mbili, katika sura mbili za lugha moja, na mhusika wa tamthilia hatamtisha tena.