Kinasa Sauti cha Kubeba Mkononi

Agwara, muziki wa tarumbeta wa West Nile nchini Uganda, haupigwi kwa zamu. Kila tarumbeta ya mti ina noti yake moja au mbili, na mpulizaji huvizia nafasi yake katikati ya wenzake, kwa hiyo wimbo hauwi wa mtu mmoja hata kidogo. Mvishe mmoja hedifoni, mwambie apulize peke yake, atakutazama tu. Ndiyo maana fundi wa Arua anayetafuta kinasa sauti cha traki nyingi hana budi kuuliza jambo ambalo muuzaji hulipita haraka: ni sauti ngapi zinazoingia kwa mpigo mmoja?

Namba iliyoandikwa juu ya boksi haijibu hilo. Tascam DP-006 ina traki 6 na Zoom R8 ina 8, lakini zote mbili hupokea sauti mbili tu kwa wakati mmoja. Zoom R16 hupokea nane. Hata hivyo, kwa agwara mimi ningeshika maikrofoni mbili nzuri, nizisimamishe mbele ya wapulizaji, kisha mwenye kifua kikubwa nimwombe arudi nyuma hatua mbili. Sauti zikishapangwa kwa miguu, kazi ya vitufe hupungua.

Adungu ina mambo yake. Kinubi hiki cha Waalur, kilichoenea makanisani na shuleni, huja kwa ukubwa mbalimbali, kuanzia ndogo za kupamba wimbo hadi besi yenye umbo la kutisha. Hapa mtu mmoja mwenye subira anaweza kuwa bendi nzima: aweke besi kwanza, aisikilize, apige ya kati juu yake, mwisho aimbe. Tabu iko kwenye ngozi. Mvua ikinyesha mjini Koboko, ngozi hulegea, jua likiwaka hukaza, na nyuzi hufuata. Besi ya saa mbili asubuhi na ya kati ya saa nane mchana zitagombana. Fundi hodari hulijua hilo mapema. Kabla ya kila traki hugusa uzi uleule mmoja, akausikiliza sikio moja ndani ya hedifoni na jingine nje, akazungusha kigingi kidogo mno, akagusa tena. Ukimtazama utadhani hajaanza kazi.

Traki chache hazinitishi. Portastudio ya kwanza ya Tascam, ya mwaka 1979, ilikuwa na nne tu kwenye kaseti ya kawaida, na Bruce Springsteen akarekodi kwayo albamu ya Nebraska iliyotoka 1982. Tatu zikijaa unazikusanya katika ya nne, unazifuta, unaendelea. Besi ikiwa imezidi, imezidi moja kwa moja. Mtu anayejua hivyo husikiliza kwa makini kabla ya kubonyeza. Mwenye programu ya traki mia kwenye kompyuta huahirisha uamuzi hadi wimbo unamchosha.

Kuhusu umeme wa mashine sina mjadala. West Nile iliishi nje ya gridi ya taifa hadi 2024, na waya kufika mjini si sawa na waya kufika uwanjani pa ngoma. R8 na DP-006 hutumia betri nne za kawaida za AA, ambazo duka lolote la Koboko linazo. Kati ya hizo mbili nunua ya bei nafuu, na chenji inayobaki ununulie stendi mbili za maikrofoni zisizoyumba.