GB WhatsApp inakuficha kwa nani?

Umewahi kwenda kwa fundi simu pale Sumbawanga mjini ukaulizia "WhatsApp ya siri"? Jibu huwa GB. Inarushwa kwa Xender, hakuna bando linaloliwa, dakika mbili umemaliza.

Tuipe haki yake kwanza. Ilishika kwa sababu ilijibu kero ya kweli: hutaki mkwe au anayekudai ajue kuwa uko hewani. WhatsApp rasmi ilichelewa mno, ikaruhusu kujificha hivyo mwaka 2022. Lakini GB hiyohiyo inakuonyesha ujumbe ambao mwenzako ameufuta. Faragha kwako, chabo kwa mwenzio!

Sasa tuje kwenye kasoro kubwa. Usimbaji fiche ambao WhatsApp iliukamilisha Aprili 2016 unalinda ujumbe ukiwa njiani. Ukifika kwenye simu lazima ufunguliwe ndipo uusome, na anayeufungua ni programu yenyewe. Ikiwa programu ni ya mtu usiyemjua, basi ufunguo umempa yeye. Umejificha kwa jirani, ukajianika kwa mgeni.

Android huitambua programu kwa sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji wake. Ukiifumua na kuishona upya, sahihi ile haifai tena. Na GB huipati Play Store. Unaokoteza kwenye tovuti chungu nzima, kila moja ikidai yake ndiyo halisi. Agosti 2021 watafiti wa Kaspersky walikuta programu hasidi iitwayo Triada ndani ya FMWhatsApp, ndugu yake GB. Oktoba 2022 wakaikuta YoWhatsApp ikiiba funguo za akaunti. Sisemi kila GB ina wizi. Nasema huna namna ya kujua, na fundi aliyekurushia naye hana.

Na hasara si yako peke yako. Fikiria kundi la kikoba, au la wauza mahindi wa Laela: picha za vitambulisho vya NIDA, risiti za miamala, namba za simu ambazo tangu 2020 zimefungwa na alama za vidole vya wenyewe. Watu ishirini na tisa wanatumia WhatsApp rasmi, mmoja ana GB. Yote anayoyaona yeye, programu yake inayaona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika Mei 2023, sawa, ila inahitaji mkusanyaji anayejulikana. Mwenye GB utamshtaki wapi?

Wapo watakaokwambia uhamie Signal. Kwa ubora sibishi: kuhusu akaunti yako inahifadhi tarehe uliyojiunga na siku ya mwisho uliyoingia, karibu basi. Ila kikoba kizima hakihami kwa sababu yako. WhatsApp rasmi nayo si malaika. Meta wanajua unaongea na nani na saa ngapi, hata kama hawasomi mnachosema.

Kwa wengi wetu huku Ufipa, rasmi iliyorekebishwa inatosha. Ingia Mipangilio, kisha Faragha: zima tiki za bluu, ficha kuonekana hewani. Halafu nenda kwenye nakala za akiba uwashe usimbaji fiche, maana bila hapo mazungumzo yako yanakaa Google Drive bila kufuli hilo. Nenosiri lake liandike kwenye daftari la nyumbani. Ukilisahau, WhatsApp hawawezi kukurudishia.