Kabla ya Bisibisi

Fundi simu mzuri utamjua kwa muda anaochukua kabla ya kushika bisibisi. Pale Kiabakari, senta ya wilaya ya Butiama iliyo kandokando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma, yupo mmoja ambaye simu ikifika mezani huiacha kwanza ilale juu ya kitambaa. Anamtazama mwenye simu, anauliza: "Ilianzaje?" Mteja keshasema kwamba haiwaki, au haiingizi chaji, au spika inakoroma. Fundi anataka kisa chote. Ilianguka? Ilizima ikiwa inachajiwa? Kwa chaja ipi? Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo? Na lile swali ambalo wengi hulijibu kwa macho kabla ya mdomo: iliingia maji?

"Haijagusa maji hata tone, fundi."

"Sawa, mama."

Habishani naye. Anachomoa laini na kumkabidhi mwenyewe mkononi, maana humo ndimo mlimo M-Pesa, na mtoto aliyeko mjini akituma hela leo jioni, mama anaweza kuiweka laini kwenye simu ya jirani akaipokea. Baada ya hapo anafungua kava na kutafuta kipande cha karatasi ambacho viwanda vingi hubandika karibu na betri. Kikiwa cheupe, pakavu. Kikiwa chekundu, maji yalipita. Anamsogezea mama aone chekundu kile, kimya, na mama anakumbuka kwamba, kweli, mjukuu aliondoka nayo kwenda kisimani.

Kila kazi ya mkoa wa Mara ina namna yake ya kuua simu. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Kiabakari ulifungwa miaka ya 1960, lakini wachimbaji wadogo hawakuacha kuifuata miamba, na unga wa mawe wanayosaga huingia kwenye tundu la chaji na kwenye wavu wa spika, ukachanganyika na jasho, ukaganda. Wavuvi wa upande wa Musoma na Bunda hupoteza simu ziwani, au huziopoa zikiwa zimeshaanza kuota kutu ya kijani. Bodaboda hufunga simu kwenye usukani, na mtikisiko wa barabara za vumbi hulegeza viungo ambavyo jicho halivioni. Kwa hiyo fundi anapomtazama mteja hafanyi adabu tu. Mikono na viatu vya mtu ni sehemu ya vipimo.

Nitaeleza kazi moja kwa urefu, kwa sababu humo ndimo ufundi wenyewe unapoonekana: kutafuta shoti.

Simu imekufa kabisa. Fundi anatoa betri, anaiunganisha bodi na pawa saplai aliyoitegesha kwenye volti nne hivi, kiasi ambacho betri yenye chaji ingetoa. Kitufe cha kuwashia hajakigusa. Anatazama ampea. Zikikaa sifuri, vizuri, umeme unasubiri kuitwa. Akibonyeza kitufe nazo zikabaki sifuri, mashaka yanahamia kwenye kitufe, kwenye njia yake, au kwenye chipu inayogawa umeme. Zikipanda, zikashuka, zikapanda tena kwa mwendo uleule, bodi ina uhai na huenda tatizo ni la programu, hiyo ataiflashi. Lakini zikiruka juu kabla kitufe hakijaguswa, kuna mahali umeme unavuja moja kwa moja. Kwa kutazama namba tu, nusu ya kazi imekwisha.

Nusu ya pili ndiyo ya subira. Bodi ina mamia ya vipande, na kapasita zake nyingi ni ndogo kuliko punje ya ulezi. Kimoja kati ya hivyo kimekufa na hakina alama yoyote. Fundi anagusisha ncha ya chuma cha kuchomelea kwenye utomvu mkavu wa msonobari, moshi unafuka, anaipitisha bodi juu yake hadi ipate utando mweupe. Anashusha volti hadi kama moja hivi, anaingiza umeme, anasubiri. Kipande chenye shoti hupata joto kabla ya vingine vyote, utando ulio juu yake unayeyuka, na katikati ya weupe panatokea doa jeusi. Anakiondoa kwa hewa ya moto. Mara nyingi simu huwaka bila hata kukirudishia, kwa kuwa kapasita za namna hiyo huwekwa kadhaa sambamba ili kutuliza umeme, na moja ikitoka zilizobaki hubeba mzigo. Akijua kwamba njia ile haivumilii upungufu, atachomoa kipande cha aina hiyohiyo kwenye bodi mfu, akakihamishia hapo.

Kinachonivutia zaidi katika haya yote ni ile volti moja. Fundi mwenye haraka huongeza umeme hadi kitu kifuke moshi, na kweli atakipata kipande kibovu, pamoja na prosesa aliyoiunguza njiani. Huyu huanza chini, akapanda kidogokidogo, na kama doa halitokei anazima, anapoza bodi, anarudia kupaka moshi. Nimewahi kumwona akiacha kazi ya namna hiyo hadi kesho yake. Mteja alidhani ni uvivu.

Bodi zenyewe nyingi zimetoka Shenzhen, kusini mwa China. Tecno, itel na Infinix, majina yaliyojaa kwenye meza yake, ni za kampuni moja, Transsion, iliyoanzishwa na Zhu Zhaojiang mwaka 2006 ikaielekeza biashara yake Afrika, huku kwao China ikiwa karibu haionekani madukani. Waliona kwamba watu wa huku wanabeba laini mbili kwa ajili ya kukwepa gharama za kupiga mtandao mwingine, kwamba umeme haupo kila saa, kwamba kamera zilizopimwa kwa ngozi nyeupe hututia giza usoni. Wakatengeneza simu kwa kufuata hayo. Kuna watu Shenzhen walituchunguza vizuri sana. Fundi wa Kiabakari anaujua uchunguzi wao kwa upande wa pili: anajua walichokisahau, kwa sababu hicho ndicho kinacholetwa mezani.

Wasomi wa Asia ya Mashariki nao wameichunguza simu kwa undani, ila kwao zaidi. Mwaka 2005 Mizuko Ito, Daisuke Okabe na Misa Matsuda walihariri kitabu kuhusu simu ya mkononi katika maisha ya Wajapani, watu waliokuwa na intaneti ya simu, i-mode, tangu 1999. Ito na Okabe waliwapa vijana shajara za kuandika kila mawasiliano: na nani, saa ngapi, ukiwa wapi. Ni utafiti wa mtu aliyekubali kuchoka, na ulionyesha kwamba ujumbe mwingi ulizunguka ndani ya kundi dogo la watu wa karibu, ingawa simu ingeweza kumfikia yeyote. Miaka minne baadaye Jack Linchuan Qiu aliandika kuhusu wafanyakazi wa China waliotoka vijijini kwenda viwandani, watu walio kati ya wenye teknolojia na wasio nayo, wanaoishi kwa simu za mtumba na vocha ndogondogo. Hao hawahitaji kuelezwa kwa msomaji wa Mara. Karibu zaidi na sisi, Lara Houston wa Chuo Kikuu cha Lancaster aliketi na mafundi simu wa Kampala na kuuchukulia ukarabati wao kama maarifa yanayostahili kuandikwa.

Kampala, hata hivyo, ni jiji. Fundi wa pale akikwama ananyanyuka, anamuuliza wa kibanda cha pili. Wa senta ndogo yuko peke yake na kundi la WhatsApp. Huyu wetu hutazama video za mafundi wa Kichina na wa Kihindi akiwa amezima sauti. Anasoma mikono: bomba la hewa ya moto limeinamishwa vipi, liko umbali gani na bodi, linazunguka au limetulia, koleo inaingia lini. Michoro ya bodi anayotumia imeandikwa Kichina, ndani ya programu ambayo ukigusa nukta moja, nukta zote zilizounganishwa nayo huwaka rangi. Ameshazifuata njia hizo mpaka anajua katika matoleo kadhaa ya itel umeme wa chaji unapita wapi, bila kuweza kusoma hata alama moja iliyoandikwa pembeni.

Tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu zenye namba bandia za utambulisho. Nyingi zilikuwa nakala zilizotoka kwenye masoko yaleyale ya China, zinafanana na Nokia au Samsung kwa nje, ndani ni kitu kingine. Watu nchi nzima walibonyeza *#06# kutazama namba zao kama waliokuwa wakisubiri matokeo ya mtihani. Wapo mafundi waliopata hela nzuri msimu ule kwa kubadilisha namba hizo, jambo ambalo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inalikataza. Ukimwuliza huyu, anajibu kwa kifupi: "Ile sifanyi." Hasemi hawezi.

Uaminifu wake mwingine hauonekani kirahisi. Simu iliyoachwa mezani ina picha za harusi, meseji za mkopo, sauti za watu waliokufa. Kijaribio cha spika ni wimbo ulio kwenye memori kadi yake mwenyewe. Kamera huijaribu kwa kupiga picha ya meza, akaifuta. Loki ya mchoro anamrudishia mwenyewe aifungue, hata kama ameambiwa namna ya kuichora. Na simu inayoletwa na mtu asiyejua loki yake, wala hana maelezo ya kueleweka, haifunguliwi pale.

Ana kijana anayejifunza. Kwa miezi ya mwanzo kijana hagusi simu ya mteja. Anapewa bodi mfu, na kazi yake ni sistimu chaji, yaani tundu la kuchajia: aichomoe na airudishe, aichomoe na airudishe, miguu mitano, bila kunyanyua hata njia moja ya shaba iliyo chini yake. Akiinyanyua, haruhusiwi kuitupa bodi. Lazima aunge njia ile upya kwa waya mwembamba wa jampa, apime kwa mita, ndipo aendelee. Kijana analalamika kwamba rafiki yake wa Bunda alianza kubadilisha vioo vya wateja wiki ya kwanza. Fundi anamwambia, "Nenda Bunda, mdogo wangu," na kijana anainama tena.

Tunapopishana mimi na fundi ni kwenye malipo. Kioo kina bei, betri ina bei, sistimu chaji ina bei. Kupima hakuna bei. Anaweza kutumia nusu siku kwenye bodi moja, akagundua kwamba prosesa imekufa, kisha akairudisha bure: "Hii haitengenezeki, kaka. Usije ukampa mtu mwingine hela." Mteja anaondoka na simu yake, hana shukrani, kwa sababu kwa macho yake hakuna kilichofanyika. Nikamwambia kwamba hospitali hutoza vipimo hata usipokutwa na ugonjwa. Akacheka, akasema akitoza kupima, watu watakwenda kwa anayebahatisha. Huenda kweli. Lakini kubadilisha kioo kunajifunzwa na mtu yeyote mwenye mikono mitulivu, na kupima kumemchukua miaka. Mimi bado naona atoze, hata kama ni elfu moja, na aiandike ukutani juu kabisa, kabla ya bei ya kioo.