Pongezi kwa Gari la Zamu

Ufaransa ina manispaa karibu 35,000, na zaidi ya nusu hazifikishi wakazi 500. Kijiji kama hicho kitatoa wapi fedha za gari la kuzibulia mabomba ya majitaka? Sheria ya Machi 22, 1890 iliziruhusu manispaa jirani kuunda umoja wenye bajeti yake, na tangu hapo mahitaji makubwa yanaweza kuchangiwa.

Gari lenyewe, kwa kweli, ni raha kulitazama (ukisimama upepo unakotoka). Fundi huteremsha mpira kwenye chemba ya chini ya mteremko. Kichwa cha mpira kina matundu yanayorusha maji nyuma kwa nguvu kubwa, na msukumo huo ndio unaoupandisha ndani ya bomba. Ukivutwa kurudi, mchanga na mafuta ya jikoni yaliyoganda husombwa hadi kwenye chemba, yakanyonywa na kuingia tangini.

Ila pongezi zangu kubwa ni kwa wapanga zamu wa umoja, wanaoamua gari hilo la pamoja liende kijiji gani na lini. Mvua ikishusha usiku kucha na chemba za vijiji vitatu zikafurika pamoja, nani atangulie? Kazi yao haina utepe wa kukatwa, na mwananchi huwakumbuka pale tu choo kinapogoma.